Alivigeuza Visahani Vyote

…vyote, mwenzangu, vyote! Kimoja kimoja, kwa mikono yake mwenyewe, tena mchana kweupe watu wakiwa wamekwenda kula!

Ngoja, nimeanzia mkiani. Turudi nyuma.

Huyu binti ni mtafiti wa mimea. Kazi yake ni mizizi: inavyochimba, inavyopinda, inavyotoa matawi huko chini, na ni kinasaba gani kinachoiamuru. Ndiyo maana kazini wanamwita Mizizi. Siku ile alivaa gauni la bluu la kumbana kiuno na raba nyeupe, yuko ofisi ya vifurushi, foleni imejikunja kama nyoka, feni imekufa, anagombana na karani.

"Kaka, hilo boksi lina dawa za maabara. Zikipata joto zinaharibika!"

"Dada, kila mtu hapa ana haraka."

"Mimi sina haraka. Dawa ndizo zina haraka!"

Nyuma yake mtu akacheka. Akageuka na maneno yake makali, akayasahau yote. Kijana mrefu, shati rangi ya maziwa lililokunjwa mikono, kakumbatia boksi la barafu kama kabeba mtoto mchanga.

"Nikugawie barafu?"

"Unauza?"

"Nabadilishana. Barafu kwa namba ya simu."

"Mbona ghali?"

"Inayeyuka, dada. Amua."

Akaamua. Kumbe jamaa ni wa taasisi ileile, ghorofa ya juu, mtaalamu wa vinasaba aliyehamia juzijuzi tu. Mizizi akambatiza Barafu, mapenzi yakashika moto. Simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, Mizizi wangu?"

"Sijala. Nashiba sauti yako."

"Basi leo utalala njaa, nina mafua."

Sasa sikia. Mizizi alikuwa na mbegu zake za ajabu. Ukizipanda, mzizi unashuka uzi mmoja mpaka chini, hautoi tawi hata la kusingiziwa. Alizihangaikia miaka. Anazipanda kwenye visahani vya plastiki vyenye jeli, anavisimamisha wima kwenye rafu kama vitabu, mizizi inashuka imenyooka huku kamera inaipiga picha. Mbegu hizo akampa Barafu, na picha juu. Ampe nani mwingine? Kinasaba kilichoharibika hata mzizi ukakosa matawi walikisaka wote wawili, vichwa vimegusana juu ya hadubini moja.

Ukaja mkutano wa taasisi. Mizizi kakaa nyuma na suti ya zambarau aliyoshonewa na dada yake. Barafu jukwaani. Ukutani ikatokea picha. Picha ya Mizizi!

"Mzizi huu hautoi matawi," Barafu akasema, "na tumegundua kwa nini."

Tumegundua! Yeye na nani? Picha ya pili, hakutaja jina. Ya tatu, kimya. Mkuu wa taasisi akashindwa kuvumilia, akapiga makofi katikati ya maneno: "Hongera, kijana! Kazi yako hii itafika mbali!" Barafu akatabasamu, meno yote nje, akaendelea.

Mizizi akanyanyuka. Visigino ko, ko, ko, mpaka nje.

Barafu akampigia kutwa nzima, Mizizi hakupokea. Akampigia dada yake mshonaji.

"Dada, nimeibiwa."

"Pochi?"

"Bora pochi! Kaniibia mzizi wangu."

"Yule shemeji wa barafu? Mdogo wangu, hasira hasara."

"Hasara iwe yake. Nitampiga panapouma."

"Muulize kwanza."

"Mwizi haulizwi, dada. Anakamatwa."

Na mahali panapouma alipajua. Kwenye chumba cha kuoteshea kulikuwa na rafu ya Barafu, kaziotesha mbegu zilezile alizopewa, kila kisahani kina alama yake ya wino mwekundu, na mwisho wa wiki wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuviona. Ujue, mzizi unajua chini ni wapi. Ukikilaza kisahani ubavu, ncha yake inapinda kuitafuta chini mpya. Basi Mizizi akaingia watu wakiwa wanakula, akavilaza ubavu visahani vya rafu nzima.

"Haya, pindeni," akaiambia mizizi. "Pindeni kama bwana wenu."

Halafu akaenda kula. Akamaliza, akaongeza!

Barafu hakujua kitu. Kamera inapiga picha yenyewe, na yeye siku hizo alikuwa anashinda mlangoni kwa Mizizi.

"Fungua, mpenzi. Nisikilize."

"Mpenzi wako ni makofi. Kayaoe!"

Siku ya wageni Mizizi alivaa nyekundu, hereni ndefu, midomo imeiva. Hakuja kufanya kazi, alikuja kuangalia mtu anaanguka. Barafu akatoa kisahani cha kwanza, uso ukamshuka. Mizizi yote imepinda kama kiwiko. Cha pili hivyohivyo.

"Ni nini hiki?" Mkuu akafoka.

Mizizi kaegemea mlango, kakunja mikono. Utamu wake, we acha tu!

Ila mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani, akakiweka kisahani chini ya hadubini, akainama. "Mbona hapa kwenye mpindo kuna tawi?"

Wakatazama cha pili, cha tatu. Palepale, mgongoni mwa kila mpindo, kimzizi kichanga kimechomoza. Mikono ya Mizizi ikafunguka yenyewe. Miaka yote aliamini mzizi ule hauwezi kutoa tawi. Kumbe unaweza! Unataka kupindishwa tu.

"Nani amevigeuza?" Mkuu akauliza.

"Sijui," Barafu akasema. "Lakini mbegu hizi si zangu. Ni za Mizizi. Nilikuwa narudia jaribio lake ili ripoti ikitoka kwa jina lake, mtu asiipinge. Kama nilivyosema mkutanoni, kwenye slaidi ya mwisho."

Slaidi ya mwisho! Mwenzangu, watafiti majina na shukrani huviweka mwishoni, na Mizizi mwenyewe hufanya hivyohivyo! Jina lake lilikaa ukutani kwa herufi kubwa, yeye keshafika getini.

Sasa afanyeje? Akinyamaza, Barafu ataonekana mzembe, na ugunduzi wenyewe utakosa mama. Akisema, aibu ni yake mbele ya wageni. Akasogea mbele.

"Nilivigeuza mimi."

"Kwa jaribio gani?" Mkuu akauliza.

"La kumkomoa huyu."

Mama wa miwani akacheka mpaka akashika meza. "Liandike, mwanangu. Ila tafuta maneno ya adabu."

Nje kwenye korido wakakabiliana.

"Ulitaka kunimaliza, Mizizi."

"Nilitaka. Na bado nataka kidogo."

"Jina lako nililiweka."

"Mkiani! Mtu anakuvisha sifa zangu, wewe unachekelea? Ungemkatiza palepale!"

Barafu akatazama viatu vyake. "Hapo nimekosa. Yale makofi yalikuwa matamu."

"Basi mkutano ujao utaanza na jina langu. Kisha usimulie nilivyokukomoa, watu wakucheke. Mimi nitakaa mbele natafuna karanga."

Na akafanya! Slaidi ya kwanza, jina la Mizizi peke yake. Akasimulia yote, hata la makofi kuolewa, ukumbi ukavunjika mbavu. Mizizi mstari wa mbele, ta, ta, ta, karanga. Safari hii hakubanduka kitini mpaka slaidi ya mwisho.

Nayo haikuwa na shukrani. Ilikuwa na picha ya mzizi uliopinda, tawi limechomoza, na chini yake maneno: *Mizizi, utakubali nikuoe?*

Ukumbi mzima ukamgeukia. Akakung'uta maganda, akanyanyuka, visigino ko, ko, ko, mpaka mlangoni. Hapo akasimama.

"Nitakujibu kesho," akasema. "Na wewe lala bila kujua, uone kunavyouma."

Eti alijibu nini? Mimi najua, dada yake keshaniambia! Ila mwenyewe kasema kesho, nikimtangulia leo atanigeuza ubavu na mimi. Kesho njoo na karanga, nitakuambia yote.