Tini za Babu

Chiriku alikuwa amemaliza kufagia uwanja na kuosha vyombo, sasa alikuwa jikoni akimsaidia mama yake. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya mdomo wake: asipopata mtu wa kuongea naye, ataongea hata na sufuria. Asubuhi hiyo jiko lilikuwa na kazi maalumu. Babu alikuwa ametoka hospitalini, na dawa zilikuwa zimemwachia vidonda kinywani. Kila sahani iliyopelekwa chumbani kwake ilirudi vilevile.

"Leo amesema anatamani tini," mama alisema, uso umemchangamka. "Tumtengenezee chache za kufungulia hamu, kisha anywe supu. Kachume zile laini. Ngumu ziache, utomvu wake unawasha."

Mtini ulikuwa nyuma ya nyumba. Chiriku akaenda na bakuli, akachuma tini moja laini, akaionja. Tamu ajabu! Akaonja nyingine, kuhakikisha. Akahakikisha weee, mpaka alipotupia jicho bakuli akakuta zimebaki chache tu, na mtini hauna nyingine iliyoiva. Akashtuka. Haraka haraka akajazia bakuli kwa zile ngumu.

"Leo fundi ni wewe, mwanangu," mama alimwambia huku akikoroga supu. "Zioshe, uzipasue juu kama alama ya kujumlisha, lakini usifike chini. Zifumbue, utie jibini laini, umalizie na asali."

Chiriku akafanya hivyo kimya, jambo lisilo kawaida yake. Tini ngumu zilitoa utomvu mweupe. Akaufuta kwa vidole, akazizidishia jibini na asali mpaka zikafanana na zilizoiva. Mama aliisifu sahani, akaipeleka kwa babu.

Chiriku akalamba asali iliyobaki vidoleni. Punde midomo ikaanza kumwasha kama amelamba pilipili. Hofu ikamshika. Ikiwa yeye mzima anawashwa hivi, babu mwenye vidonda itakuwaje? Hakuna aliyemwona akichuma, angeweza kunyamaza. Lakini alimpenda babu yake, na miguu ilikuwa imeshatoka mbio.

Babu alikuwa ameshafikisha tini mdomoni.

"Babu, usile!" Chiriku alipiga kelele. "Zilizoiva nimekula mimi, nikachanganya na mbichi. Nisamehe, babu!" Akaangua kilio.

"Wewe mtoto wewe!" mama alimaka. "Ungemwumiza mzee!"

Babu akaibonyeza tini yake. Ngumu kama jiwe. Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani.

"Kumbe mwizi wangu ndiye mlinzi wangu!" alisema.

Mama akazibonyeza moja moja, akaziondoa zote ngumu. Babu akala laini zilizosalia, polepole, kisha akauliza, "Hiyo supu inayonukia iko wapi?" Mama alikwenda kuileta akifuta machozi ya furaha. Chiriku akashusha pumzi. Alijiona mwepesi, kama aliyetua mzigo.

Baadaye mama alimnawisha midomo.

"Uroho ni kosa, na kuficha ni kosa kubwa zaidi," alimwambia. "Lakini umesema kabla babu hajaumia, kwa hiyo tumeweza kurekebisha. Ungenyamaza, yeye ndiye angelipia. Ukikosea, sema mapema, hata kama unaogopa. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Kabla mama hajaongeza neno, sauti ya babu ilisikika kutoka chumbani: "Nyie huko! Bakuli limekauka. Niongezeeni supu!"