Sindano Tatu za Esperansia

Jumamosi ile soko la Ngara mjini lilikuwa limefurika hadi barabarani. Esperansia, fundi cherehani kutoka Biharamulo, alikuwa ameinamia rundo la vitenge wakati mwanga mkali ulipompiga machoni. Alipoinua kichwa akamwona kijana mrefu, shati la bluu limekunjwa mikono, amenyanyua paneli ya sola akiielekeza juani.

"Kaka, unanipofusha."

"Pole dada. Nilikuwa natafuta jua, sikujua limekuja kununua vitenge."

Esperansia alijikaza asicheke. Alikuwa amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, lenye mikono mipana, na alijua limempendeza.

"Maneno hayo umeshawaambia wangapi leo?"

"Wewe ni wa kwanza. Wengine wote walikuwa wanauliza betri."

Kijana huyo aliitwa Audax, fundi wa sola, mzaliwa wa Murukulazo. Kabla Esperansia hajapanda gari la kurudi Biharamulo, namba yake ilikuwa kwenye simu ya Audax. Kuanzia siku hiyo simu haikupumzika.

"Umekula, Espe wangu?"

"Nimekula ndizi na maharage. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Basi leo utalala na njaa, maana nakata. Nina suruali ya mteja hapa."

Akikata, Audax anapiga tena. Baada ya miezi mitano walifunga ndoa kanisani Biharamulo, na Esperansia akahamia Ngara na cherehani yake, kwenye nyumba ya vyumba viwili jirani na stendi. Walicheka sana katika nyumba ile. Mwezi wa nane wa ndoa akapata ujauzito, na Audax akaanza kumwita Mama Kijacho hata mbele ya wateja.

Siku ya kliniki ya kwanza Audax alikuwa Keza, akifunga sola kwenye shule. Esperansia akaenda peke yake. Muuguzi, mama wa makamo aitwaye Diana, alimchoma kidoleni, akadondosha damu kwenye kipimo kidogo na kusubiri. Kisha akafunga mlango.

"VVU huna. Ila kipimo kinaonyesha kaswende. Tutachukua damu nyingine ya mkononi, maabara wahakikishe."

Maabara wakahakikisha. Esperansia alivuta kiti akakaa.

"Sista, mimi sijawahi kulala na mwanaume mwingine zaidi ya mume wangu. Na siumwi popote."

"Wengi hawaumwi. Huu ugonjwa unaweza kukaa mwilini kimya miaka mingi. Ukiachwa, unaweza kumuua mtoto tumboni, au akazaliwa nao. Lakini unatibika. Kwa kuwa hatujui umekaa nao muda gani, utachomwa sindano tatu za penisilini, moja kila wiki, bila kuruka. Una mzio wa dawa yoyote?"

"Hapana."

"Vizuri. Mume naye lazima apimwe na atibiwe, la sivyo atakurudishia. Mpaka wote mmalize, msikutane kimwili. Na ujue jambo moja, mama. Kipimo hiki hakisemi nani alimwambukiza nani."

Sindano ya kwanza ilikuwa nzito. Esperansia akaambiwa asubiri nusu saa kwenye benchi la nje, waone kama dawa itamkataa. Hapo ndipo alipompigia Audax.

"Mama Kijacho, kliniki imekwendaje?"

Akamweleza yote. Upande wa pili akasikia watoto wa shule tu wakicheza.

"Audax?"

"Nakusikia." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sasa hiyo umeitoa wapi?"

Esperansia alidhani hakusikia vizuri. "Unasema?"

"Nauliza. Biharamulo ulikuwa unashonea wanaume suruali. Mimi nitajuaje?"

Alikata simu, akabaki ameishika mapajani, na ile nusu saa ilipoisha muuguzi ndiye aliyekuja kumwambia aende nyumbani. Jioni akapata homa na maumivu ya mwili, kama alivyokuwa ameonywa kwamba dawa ikianza kazi inaweza kuleta hali hiyo. Hakukuwa na mtu wa kumpa maji. Audax alisema kazi ya Keza imeongezeka siku.

Siku ya tatu alipiga mama mkwe kutoka Murukulazo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu ameniambia. Mimi nilimzaa mzima na nikamlea mzima. Hayo uliyokuja nayo yarudishe kwenu."

Kilichomchoma Esperansia hakikuwa tusi lenyewe. Ni kwamba Audax, ambaye hakupata muda wa kurudi kumwona, alipata muda wa kumpigia mama yake. Akafunga nguo zake, akamwachia jirani cherehani, akarudi kwao Biharamulo. Mama yake alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Sindano ya pili ni lini?" Siku ilipofika wakaenda pamoja kwenye zahanati, na kadi yake mkononi.

Ngara, Sista Diana alipoona Esperansia harudi, alimpigia. Aliposikia yaliyotokea akamwomba ruhusa ya kumtafuta mume. Audax alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaja, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Kipimo chake kikatoa jibu lile lile.

"Hukuwahi kuona kidonda sehemu za siri?" muuguzi aliuliza.

Audax alivua kofia. "Niliona. Kabla ya ndoa, kama miezi miwili hivi. Nilikuwa kazini Kahama. Kulikuwa na mwanamke kule."

"Kilikuwa kinauma?"

"Hakikuuma hata kidogo. Kikapona chenyewe. Baadaye nikatoka madoadoa viganjani, nikadhani ni maji ya betri. Nikanunua vidonge dukani, yakaisha. Nikajua nimepona."

"Kidonda ndicho kilichopona. Ugonjwa uliingia ndani, na ndio uliokwenda nao kwenye ndoa."

Akachomwa sindano, akapangiwa tarehe za kurudi. Kesho yake alikwenda Biharamulo. Esperansia alimkuta ameketi uani, amevaa shati lile la bluu lisilopigwa pasi. Audax akaeleza kila kitu, hadi Kahama.

Esperansia alikuwa amesimama, mkono tumboni. "Kile kidonda ulikikumbuka lini?"

Audax angeweza kudanganya. "Siku ile uliponipigia. Ulipotaja tu jina la ugonjwa."

"Kwa hiyo uliponiuliza nimeutoa wapi, ulikuwa unajua."

"Niliogopa, Espe. Nilijua utaniacha."

"Ukaona bora mimi ndiye niachwe. Huyo wa Kahama ulikuwa naye tukiwa tayari wachumba. Hilo ningelilia likaisha. Lakini ulimwacha mama yako anitukane, na mtoto wako yuko tumboni. Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Hapa hapa, weka sauti juu."

Audax alipiga. "Shikamoo mama. Ule ugonjwa ni wangu. Nilimwambukiza Espe, na nilijua. Nilikudanganya."

Mama akasema kwa sauti ndogo: "Yupo hapo? Mwambie kwamba nina aibu. Sitamwomba anijibu."

Esperansia akaingia ndani. Alichomwa sindano ya tatu siku yake, na Audax akamaliza zake Ngara. Kipimo cha damu kilichorudiwa kikaonyesha ugonjwa umeshuka. Kila tarehe ya kliniki Audax alikuja Biharamulo, akakaa benchi moja naye, wakizungumza habari za mtoto tu. Alipojaribu kumwita Mama Kijacho, alimkatiza: "Niite Esperansia."

Mtoto wa kike alizaliwa mwezi wa Februari. Akapimwa, akachunguzwa mwili mzima, na daktari akasema hana dalili yoyote, ila wamrudishe aendelee kuangaliwa. Audax alimbeba akiwa amefunga macho, machozi yakimshuka.

"Utarudi Ngara?" aliuliza.

Esperansia alimtazama mwanamume aliyempenda, na bado alimpenda, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma zaidi.

"Sijui, Audax. Nikikuangalia bado nasikia lile swali lako." Akanyoosha mikono kumpokea mtoto. "Jumatatu anarudi kupimwa, saa mbili asubuhi. Njoo."