Angalia Nyaya Zako

Siku waliyokutana, msichana alimkanyaga kijana mkono. Ukumbi wa tiketi za mabasi ya masafa marefu ulikuwa umefurika, kila mtu akisukuma begi lake kwa goti. Msichana, akiwa na gauni lake la njano na viatu vyake vya kisigino, alikuwa akikimbilia dirisha lililokuwa limefunguliwa punde. Mkono ulioshika waya ukachomoza chini ya kaunta, akaukanyaga.

"Mama yangu wee!" sauti ikalia kutoka chini.

"Jamani, pole! Pole sana, kaka!"

"Hicho ni kiatu au nyundo, dada?"

Akatambaa nje kijana mrefu mwenye ovaroli la buluu na vumbi kwenye nyusi, fundi wa mtandao wa ukumbi ule, akipuliza vidole huku akicheka. Basi lilimwacha bibie siku hiyo, na wala hakulisikitikia.

Bibie alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Kazi yake ilikuwa kwenye kiini cha mfumo endeshi, sehemu inayopokea na kutuma mawasiliano ya mtandao. Alipoeleza kwamba hushinda akiweka kufuli humo ndani ili shughuli mbili zisigombanie kitu kimoja, fundi alimbatiza papo hapo.

"Kufuli wangu, umekula?" ndiyo ilikuwa simu ya kila mchana.

"Nimekula, Fundi wangu. Bado unatambaa chini ya meza?"

"Natambaa, mpenzi. Ila siku hizi navaa glavu."

Penzi likanoga hadi ikapangwa siku ya kumpeleka kwa shangazi aliyemlea fundi. Siku hiyohiyo Kufuli alikuwa na kazi ngumu mezani. Watu wa sehemu mbalimbali walilalamika kwamba kompyuta zao zenye shughuli nyingi zinaganda ghafla. Alishuku mahali pamoja: mawasiliano yakifungwa, upande mmoja wa programu hufuta kumbukumbu zake wakati upande mwingine bado unazisoma. Ni kama mtu anayeondoa sahani huku mwenzake bado ana kijiko mkononi. Mara nyingi hawagongani. Wakigongana, kila kitu kinasimama.

Ili kuona vizuri, aliongeza mstari wa kuandika ujumbe kila programu inapopita pale. Tatizo likatoweka. Akajaribu asubuhi nzima, kompyuta haikuganda. Sasa, hata mwanafunzi wa kazi hiyo anajua kwamba kuandika ujumbe kunakula muda, na huo muda mdogo waweza kuwachelewesha wagomvi wasikutane. Kufuli alilijua hilo vizuri sana. Lakini alikuwa amegusa na vitu vingine viwili vitatu, akajidanganya kwamba hivyo ndivyo vilivyoleta tiba. Shangazi alikuwa anasubiri. Akaufuta ule mstari, akatuma marekebisho na neno "Limekwisha", akaenda kuvaa gauni la zambarau.

Shangazi alimpenda tangu mlangoni.

Shule zilipofungwa na abiria wakajaa ukumbini, simu ya Kufuli ikaita.

"Kufuli, mitambo yangu yote imeganda! Watu wanapiga kelele huku. Tuliweka toleo lenu jipya, inawezekana ni ninyi?"

Kufuli akaukumbuka ule mstari alioufuta. Lakini wenzake kazini walikuwa wakimsikiliza, naye akaona aibu.

"Sisi tulijaribu vizuri," alisema. "Angalia nyaya zako, mpenzi."

"Haya. Kama umesema wewe, basi ni nyaya zangu."

Fundi hakubisha hata kidogo. Alikwenda kwa mkuu wa ukumbi akajitwika lawama, kisha akapiga magoti akakagua waya baada ya waya. Mitambo ikaganda tena. Fundi akasimamishwa kazi.

"Hukunipigia leo," Kufuli alilalamika kwenye simu.

"Niko nyumbani. Wamesema mimi mzembe. Usijali, mama, nitatafuta kosa langu."

Neno hilo, kosa langu, lilimkaa kifuani kama mfupa. Dada yake aliyekuwa akiishi naye alimkuta ameduwaa na rangi ya kucha mkononi.

"Mdogo wangu, unajua kitu wewe."

"Nilimwambia aangalie nyaya, wakamsimamisha kazi. Ila sina hakika, dada."

"Mwenzio kasimamishwa kwa neno lako, na wewe unapaka kucha! Nenda kapate hakika."

Akaenda. Safari hii hakuweka ujumbe wowote. Aliuchelewesha makusudi upande unaosoma, ili ule unaofuta uufikie katikati. Kompyuta ikaganda palepale. Akajaribu tena, ikaganda tena. Kosa lilikuwa lake lote, naye alilia kwa hasira mbele ya kioo cheusi cha kompyuta.

Tiba yenyewe haikuwa kubwa: kila anayesoma ahesabiwe, na kisifutwe kitu mpaka wa mwisho aachie. Aliituma kwa watumiaji wote, akasema wazi kwamba kosa ni lake, kwamba aliliona likijificha akatangaza limekwisha. Kisha akaenda kwa mkuu wa ukumbi, akasimama mbele yake, akarudia yote kwa mdomo wake.

Alimkuta fundi barazani kwa shangazi, ovaroli limefuliwa na kupigwa pasi, tayari kwa kazi.

"Mkuu ameshanipigia," fundi alisema. "Kaniomba radhi."

"Nisamehe, Fundi wangu."

"Kukosea, nimekusamehe. Mitambo ni mitambo. Lakini nilipopiga simu ile, ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angegundua.

"Nilishuku. Nikakwambia nyaya."

Fundi alitazama magoti yake. "Nilizigusa zote, Kufuli. Moja moja. Nilikuwa nakuamini kuliko mikono yangu mwenyewe."

Kufuli alilia bila kujifuta. Shangazi alichungulia mlangoni, akarudi ndani taratibu.

"Unanipenda?" fundi akauliza.

"Nakupenda. Wallahi nakupenda."

Zamani fundi angeruka na kumkumbatia. Sasa alimtazama kama anavyotazama waya ambao mtu mwingine amemwambia ni mzima.

"Hilo nitalikagua mwenyewe," alisema, akasogea kidogo kwenye benchi kumwachia nafasi. "Kaa."