Kopo la Uyoga Kwenye Singo

Wiki ile, kila akirudi kutoka shuleni Kilwa Masoko, Fauzia alikuwa akivua sare, akila upesi, kisha akiketi uani kusugua kijiti cha liwa, mti wenye harufu nzuri, juu ya jiwe. Dada yake Batuli alikuwa anaolewa Jumamosi, na singo ya kumsugua bibi harusi haitaki mtu mvivu. Bi Tawakali, somo wa Batuli aliyemfunda mambo ya ndoa, ndiye aliyempa kazi hiyo, na Fauzia alitembea kifua mbele.

Jumatatu walikuja mawifi kumwona bibi harusi. Mmoja akasema, "Mzuri, ila rangi yake kiza kidogo." Batuli alicheka tu, lakini baadaye Fauzia alimwona akijitazama kwenye kioo mara mbili. Mtoto akaumia kuliko mwenye uso wake.

Kesho yake alinunua kwa mchuuzi kopo dogo lililoandikwa: Peptidi za Uyoga wa Dawa, Ng'aa kwa Siku Saba. Halikuwa na jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo. Fauzia hakujali. Uyoga si chakula? Kila masika waliununua kwa akina mama wa kijiji cha Kikole, wakauunga kwa nazi, na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Akajipaka mkononi kujaribu. Kufika Alhamisi, mkono ulikuwa mwekundu na unawasha kama aliyegusa upupu. "Ndiyo dawa inafanya kazi," alijiambia, akavaa gauni la mikono mirefu. Kisha akakoroga kopo zima kwenye bakuli la singo.

Wakati wa kumsugua Batuli ulipofika, Bi Tawakali alifuata desturi yake: aliyesaga singo hupakwa yeye kwanza.

"Kunja mkono wa gauni nikupake, mwanangu."

"Nimeshajipaka, bibi," Fauzia akadanganya.

Bi Tawakali akaridhika. Akachovya vidole, akamwinamia Batuli aliyelala mkekani amefumba macho. Fauzia alivitazama vile vidole. Akisema, ataaibika mbele ya nyumba nzima. Akinyamaza, dada yake ataolewa na uso uliobabuka.

"Usimpake!" akapiga kelele, huku akipandisha mkono wa gauni.

Alieleza yote huku analia: maneno ya wifi, kopo, mpaka ule uongo. Batuli akainuka, akamkumbatia. "Ndiyo umejiunguza kwa sababu hiyo? Mimi kwenye kioo nilikuwa natafuta chunusi!"

Bi Tawakali hakucheka. Alimshika Fauzia ule mkono usiobabuka, wakaenda zahanati.

"Shikamoo, nesi," Fauzia alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba." Nesi Natalia aliosha mkono, akaupaka dawa, kisha akaligeuza kopo huku na huku. "Peptidi ni vipande vidogo vya protini. Ni kweli, wataalamu wanachunguza zile za uyoga fulani, kama zinaweza kupunguza rangi ya ngozi. Lakini hao wanapima na kurudia miaka mingi. Aliyejaza kopo hili hata jina lake kaficha. Makopo ya namna hii mengine hukutwa na zebaki, na zebaki ni sumu. Na kama ulidhani ni salama kwa kuwa uyoga huliwa, uyoga wa kwenye sufuria haujui lolote kuhusu kopo hili."

"Mkono utapona?"

"Utapona, maana umewahi. Ila weusi wako si ugonjwa. Huo hauna dawa kwa sababu hauhitaji dawa."

Waliporudi, Bi Tawakali alimwaga bakuli lote. Mkono wa Fauzia ulikuwa umefungwa bendeji, kwa hiyo bibi harusi mwenyewe akakaa penye jiwe kusugua liwa upya, jambo ambalo mtaa ule haukuwahi kuliona. Somo alinung'unika mpaka akachoka, kisha akamgeukia Fauzia.

"Leo ulimi wako umeuponya uso wa dada yako, nami nakushukuru. Kusema kweli mbele ya watu si kazi ndogo. Lakini ulimi huohuo ungeutumia Jumanne kuniuliza, mkono wako ungekuwa mzima. Kitu usichokijua, uliza kwanza, ndipo upake."

"Nimesikia, bibi."

Jumamosi Batuli alitokea ukumbini mweusi, laini, anang'aa. Yule wifi wa Jumatatu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza singo ile ilisagwa na nani.