Mawe ya Watu wa Kale

Kila asubuhi Barwaqo aliwatoa mbuzi zizini, nje kidogo ya Takaba, na kila asubuhi alilitazama lile rundo kubwa la mawe. Akiwa msichana alichunga hapo na bibi yake, ambaye Barwaqo alimwita ayeeyo.

"Zunguka, usikanyage," ayeeyo alimwambia. "Hapo wamelala watu waliochimba visima kabla yetu."

Kisha waliketi wakinywa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Ayeeyo alikwisha kufa, lakini Barwaqo aliisikia bado harufu ile.

Siku moja alimkuta mumewe, Salat, akilibomoa rundo kwa mtaimbo.

"Salat! Unafanya nini?"

"Mvua iko karibu. Nataka mawe ya kujengea birika la kukingia maji. Ngamia wetu walikufa kwa kiu, umesahau?"

"Sijasahau. Lakini hili ni kaburi."

"La nani? Hata jina lake hatulijui."

Akanyanyua jiwe jingine. Chini yake palikuwa na mfupa, na kando yake shanga. Salat alirudi nyuma.

"Subhanallah," alinong'ona.

Barwaqo alimwita jirani yao Filsan, mwalimu wa historia. Filsan alichuchumaa, akatazama bila kugusa.

"Watu hawa hawakutuachia maandishi," alisema. "Wataalamu hutazama maiti alivyolazwa na mawe yalivyopangwa. Hivyo ndivyo wanavyojua watu hao waliishi vipi. Tukivuruga, habari zao zinapotea kabisa."

"Nirudishe mawe?" Salat aliuliza.

"Acha kila kitu kilivyo. Usichukue hata shanga. Tumwarifu chifu, awaite watu wa makumbusho. Sheria inayalinda makaburi haya."

"Na maji je, mwalimu?"

"Kule lagani, kwenye mto mkavu, mawe ni tele. Chukua punda wangu."

Kazi ilikuwa ngumu, mikono ikachubuka, lakini birika lilikamilika na mvua ikalijaza. Watu wa makumbusho nao walikuja, wakachunguza, wakalifunika kaburi vizuri. Walimsikiliza Barwaqo akisimulia maneno ya ayeeyo, naye akalia kidogo.

Baada ya mvua, lori lilisimama kando ya rundo. Dereva alitaka mawe ya kuuza. Salat alimkimbilia, akishikilia kikoi chake kisianguke.

"Geuza lori, ndugu yangu," alisema akihema. "Hapa wamelala wazee wetu. Kama una kiu, njoo nyumbani, maji yapo."