Miche ya Mwisho ya Bibi

Kila asubuhi, hata kabla ya kupiga mswaki, Chiriku alikwenda nyuma ya jiko kujulia hali miche ya nyanya. Jina hilo alibandikwa na bibi yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Lakini Bibi naye hakuwa nyuma! Alizungumza na miche kama anavyozungumza na wajukuu: "Hamjambo nyote? Haya, kunyweni maji, msigombane." Akishamaliza kuimwagilia, alinukia majani ya nyanya mpaka kwenye mtandio.

Mwaka huo Bibi hakuwepo tena. Alikuwa amefariki, na bustani ikapooza kweli. Mbegu alizoacha zilikuwa chache, nazo ndizo za mwisho. Baba, ambaye alikuwa fundi cherehani, alizisia mwenyewe, kisha akamkabidhi Chiriku miche.

"Mama yangu alikuwa na nyanya hizi tangu mimi sijaota meno," alimwambia. "Zikifa, ndiyo basi tena. Nakuamini, mwanangu."

"Niachie mimi, Baba. Wewe usiwe na wasiwasi!"

Chiriku alitaka miche ikue upesi ili baba ashangae. Alikumbuka kwamba Bibi alitumia samadi ya kuku, basi akazoa samadi bandani na kuijaza kwenye kila shina. Alichosahau ni kwamba Bibi aliirundika kwanza pembeni, akaiacha mpaka ikaoza na kupoa. Hii ya Chiriku ilikuwa mbichi, inanuka mpaka macho yanawasha.

Baada ya siku chache majani yakaanza kuungua kingoni. Chiriku alimwaga maji, akaongeza mengine, wapi! Jioni baba alirudi hoi, maana ulikuwa msimu wa kushona sare za shule.

"Miche inaendeleaje?"

"Haijambo, Baba. Inapendeza kweli!"

Kesho yake baba aliuliza tena, naye akajibu vilevile. Mche mmoja ulikauka, ukafuata mwingine, mpaka ukabaki mmoja tu, nao umeinamisha kichwa.

Jioni moja baba aliingia akitabasamu. "Leo nimezikumbuka nyanya za mama mpaka nikajichoma sindano! Nilikuwa nazila palepale shambani, zina joto la jua, maji yananichuruzika hadi kwenye viwiko, naye ananicheka. Twende ukanionyeshe hiyo miche."

Chiriku akapiga moyo konde.

"Baba, nilikudanganya. Imekufa. Niliitilia samadi mbichi. Umebaki mmoja." Akaangua kilio.

Baba alikwenda nyuma ya jiko, akachuchumaa, akayashika yale majani makavu moja moja. Chiriku aliona afadhali angegombezwa.

"Kulia ngoja kwanza," baba alisema hatimaye. "Niletee wembe, maji, na kopo la udongo usio na samadi."

Alikikata kile kichwa kibichi cha mche uliobaki, juu ya mahali palipoungua, akakichomeka kwenye udongo uliolowa. "Shina la nyanya likifukiwa hutoa mizizi," alieleza. "Mama ndiye aliyenifundisha." Wakaliweka kopo kivulini.

Kichwa kililegea kama uzi. Chiriku hakwenda kucheza, alikuwa akichungulia kopo tu. Kisha asubuhi moja, lo! Mche ulikuwa umesimama wima, umetoa na jani dogo jipya. Alipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Baba alitoka mbio, povu la sabuni limemjaa kidevuni.

Walipokwisha kucheka, baba aliketi kando yake.

"Unajua kilichoniuma? Si samadi. Kila mtu hukosea. Kiliniuma kuambiwa haijambo, kumbe inakufa. Ungesema siku ya kwanza, tungekata vichwa vya yote, na leo yote ingekuwa hapa. Kusema ukweli mapema kungetuokolea miche ya Bibi."

Chiriku alitazama kitalu kitupu, moyo ukamuuma. "Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Ila nikikuuliza, niambie mche ulivyo, hata kama umekauka."

Chiriku aliuinamia mche, akaukagua.

"Baba, jani moja la chini limeanza kuwa njano."

"Haya," alisema baba, akimsogelea. "Hebu tulitazame."