Plasta ya Chumba cha Mtoto

Mimi ni mtu wa kinyaa, na dada yangu analijua hilo tangu tulipokuwa tukilala kitanda kimoja. Nikikuta unywele kwenye sahani, nimeshiba. Kwa hiyo nikisema yaliyotokea nyumbani kwake bado yananikata hamu ya kula, mtu asidhani nadeka.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua limetoka, dhoruba imekwisha. Kwa siku mbili mawimbi yalikuwa yakipanda juu ya ufuo, na tulipofungua mlango hatukuutambua ufuo huo. Mteremko wote ulikuwa umekatwa wima, kimo cha mtu, na mchanga wake umesukumwa huku nyuma, umefunika barabara na kutandaa mpaka kizingitini kwa dada. Ulikuwa laini, hata alama ya unyayo hauna.

Shemeji yangu ni fundi plasta, na kama mafundi wote, nyumba yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kumalizwa. Kilibaki chumba cha mtoto wao wa miezi mitatu.

"Leo bahari imenionea huruma," alisema, akichota kwa koleo.

Aliuosha mchanga kwa maji ya bomba mara mbili kutoa chumvi, kama inavyotakiwa. Ila hakuuchekecha. Ulikuwa na nyuzi nyembamba za kijivu, naye akazifurahia, kwa sababu mafundi wa zamani walikuwa wakitia nyuzi za katani kwenye plasta isipasuke. Hizi zimejileta zenyewe, alisema. Nilishika mmoja. Ulikuwa na utelezi kwenye ncha. Nikanawa mikono mara tatu, wakanicheka.

Plasta ilitoka vizuri, wakahamishia kitanda cha mtoto humo. Siku ya nne ukuta ukaanza kutoa jasho. Hayakuwa maji. Yalikuwa mafuta ya manjano, yananata kidoleni, yana harufu ya bandeji iliyosahaulika kwenye kidonda. Dada alisugua kwa sabuni. Kesho yake yamerudi.

Kisha zikaota nywele. Shemeji alizinyoa kwa wembe, kimya, kama anayemnyoa mgonjwa. Asubuhi zilikuwa zimefika urefu wa kidole.

Siku ya tisa dada aliniita. Mtoto alikuwa amekonda, anakohoa. Dada alimwingiza kidole mdomoni, akavuta. Unywele wa kijivu. Akavuta tena. Ukazidi kuja. Mrefu. Umelowa. Mtoto akatapika maziwa na mchanga.

"Mtoe humu chumbani," nilinong'ona.

"Nimemtoa tangu juzi," alisema dada. "Analala kifuani kwangu."

Mchana huo alipita mpimaji wa ufuo, na vigingi vyake na kamba, akiandika ni hatua ngapi zimeliwa. Shemeji alimuuliza kwa sauti ya chini mchanga huu umetoka wapi.

"Si wa kutoka baharini," alisema mpimaji. "Mawimbi yamekata ule ukingo wa pale, yakapanda nao, yakaumwaga huku."

"Ukingoni palikuwa na nini?"

"Makaburi. Ya zamani sana, hata alama hayakuwa nayo."

Shemeji alichukua nyundo na tindo, akaibandua plasta yote kabla jua halijazama. Nilibeba na mimi, nimeziba pua kwa kanga. Kipande kimoja kilinivunjikia mikononi. Ndani kilikuwa laini, na vuguvugu. Tulivifukia vyote chini ya ule ukingo, na shemeji, ambaye sijawahi kumwona akiomba radhi kwa mtu, aliomba.

Mtoto alipona. Akanenepa. Ufuo nao ulijijaza polepole, leo huwezi kujua ulikatwa wapi. Chumba kile ni matofali matupu.

Sasa ana miaka miwili, na ninayemsuka ni mimi. Kisogoni ana shungi moja la kijivu. Ikikaribia dhoruba, shungi hilo hulowa kuanzia kwenye mizizi, linateleza vidoleni, na kitana changu hutoka na mchanga. Ni mimi tu ninayejua.

Leo asubuhi hakukuwa na upepo, bahari imetulia kabisa. Dada alikuwa jikoni, ana mimba ya miezi sita, anaimba. Kitana kilitoka kimejaa.

"Kichwa kina nini?" aliuliza, alipoona nimeacha kuchana.

Nilikifutia kitana kwenye sketi yangu mwenyewe, mimi mwenye kinyaa, nikamwambia kichwa ni safi.